Fimbo Zilizokatwa kwa Ajili Yangu

Tarehe 6, mwezi wa kumi

Naanza kuandika kwa sababu mvua imenifungia ndani na hakuna mtu wa kugombana naye. Mume wangu Heri yuko Lusangi kwenye mashimo ya dhahabu, mama mkwe amelala, na kuku hawajibu. Mimi ni Rosine. Hapa kijijini kwetu, njia ya kutoka Kabambare kwenda Lusangi, watu hunijua kwa sauti kabla hawajaniona. Nikicheka kule mtoni Luama, mwalimu anafunga dirisha la darasa.

Mpunga umeota vizuri, isipokuwa ule wa Baba Mudogo Yakubu, ndugu ya marehemu baba mkwe. Yule analima kwa mdomo.

Tarehe 9

Palizi. Mvua. Mgongo.

Tarehe 15

Heri amerudi na chumvi, sabuni, na kikwembe, kitenge cha maua mekundu. Dhahabu hakuna, ila matope ya Lusangi ameyaleta tele masikioni. Mama mkwe alinisuka nywele kwa ajili yake, akanivuta kichwa mpaka machozi yakatoka.

"Mama, hii iko nywele, si muhogo unang'oa!"

"Vumilia. Bwana yako amekuja."

Watu wanamwita Mama Heri. Mimi namwita Mama tu, kwa kuwa wangu alikufa nikiwa mdogo na huyu alinichukua bila maswali. Miaka mitatu ya ndoa, tumbo langu halijaleta mtoto, na hajawahi kulitazama kwa jicho baya. Wengine wanalitazama, hasa Yakubu.

Tarehe 24

Wale wa msituni wameweka bariere, kizuizi cha njia, kwenye daraja. Kila mwanamke anayekwenda soko la Kabambare lazima aache kikombe cha mchele. Kijana mmoja mwenye bunduki, ndevu bado hazijaota, akaniambia nipige magoti. Nikamwuliza kama mama yake anajua mahali alipo. Wanawake nyuma yangu wakacheka. Akanipiga begani kwa kitako cha bunduki. Nikamwambia kuku wangu anapiga teke kumshinda.

Jioni Mama alinikanda bega kwa maji ya moto, akacheka mpaka akakaa chini.

"Rosine, kinywa yako itakuzika."

"Itazika wengine kwanza," nikamjibu.

Tarehe 8, mwezi wa kumi na moja

Leo mkono unaweza kushika kalamu.

Walikuja Jumapili asubuhi, wakati wa kuwasha moto. Waliingia kiwanjani kwetu kwanza. Kwa nini kwetu kwanza, sijui, na kila mtu anajua. Walimtoa Heri nje bila shati, wakamlaza kifudifudi kwenye matope, wakamdai dhahabu. Hakuwa nayo. Wakampiga kwa mipini ya majembe yetu wenyewe, yale tuliyokuwa tumeyaegemeza ukutani. Mmoja wao alimkanyaga vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja, akiuliza baada ya kila kimoja. Nilikuwa nasikia mifupa.

Nilichukua mchi wa kutwangia. Nilimpiga mmoja shingoni, akaanguka. Mwingine alinipiga teke la tumbo nikaanguka juu ya moto, nikainuka nikiwa nimeungua paja, nikaanza kutukana. Nilitukana mama zao, baba zao, makaburi ya babu zao. Sauti yangu wenyewe mnaijua. Hata wale waliokuwa wamejificha kwenye migomba ya Yakubu walinisikia.

Heri aliinua kichwa kutoka kwenye matope. Alisema, "Rosine, nyamaza."

Sikunyamaza.

Walimpiga risasi akiwa bado ananitazama. Kisha wakachukua mbuzi, wakachukua mbegu, wakaondoka wakitembea. Hawakukimbia hata kidogo.

Tarehe 9

Tulimzika Jumatatu ile. Wifi yangu Aimée, dada yake Heri, alinitemea mate mbele ya kaburi. Mama hakulia, hakusema, hakunitazama.

Tarehe 12

Watu bado wanalala kilioni kwetu. Yakubu alisimama katikati yao, amevaa koti la marehemu ndugu yake, akasema: "Heri hakuuawa na bunduki. Heri aliuawa na kinywa. Mwanamuke huyu alitukana watu kwenye bariere, wakamufuata nyumbani. Tena Heri alimuambia anyamaze. Miye nilisikia kwa masikio yangu."

Alisikia kwa masikio yake akiwa ndani ya migomba, amelala kwa tumbo. Lakini nani angemwambia? Mimi sikuweza. Nilimtazama Mama aseme neno moja tu. Alikuwa anachuna uzi kwenye ukingo wa mkeka.

Yakubu ameamuru nisifungue kinywa tena katika kiwanja hiki.

Tarehe 13

Sikusema.

Tarehe 20

Sikusema. Kuungua kumepona kidogo. Mvua.

Tarehe 29

Mama bado hasemi nami. Ananiwekea chakula mlangoni na kwenda zake. Zamani tulikuwa tunakula sahani moja, tukinyang'anyana samaki. Usiku namsikia anageuka kitandani, naye bila shaka ananisikia. Kuna ukuta wa udongo kati yetu, mwembamba, na hakuna anayeugonga.

Tarehe 5, mwezi wa kumi na mbili

Mpunga umeanza kujaza maziwa, ndege wameshuka. Sasa kila shamba lina mtu juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu, kutoka jua linapochomoza mpaka linapozama, anapiga kelele na kurusha udongo kwa kombeo. Ukinyamaza kwa muda wa kumeza mate, wameshuka wote. Kwa hiyo bonde lote linapiga kelele, na kila mtu anajua sauti ya jirani yake.

Mimi nimepewa dungu la ukingoni mwa Luama, palipo na ndege wengi. Yakubu mwenyewe ameamua. Kumbe kinywa changu kina kazi sehemu yake ya mpunga ikiwa hatarini! Mama yuko dungu linalofuata, juu kidogo, nyuma ya matete.

Huko tu ndiko ninakofungua kinywa. Nawaita ndege wale majina ya watu. Wengi ni Yakubu.

Tarehe 8

Mto umejaa. Umechukua mti mzima wa muvule, na mizizi yake.

Tarehe 12

Yakubu alikuja kiwanjani saa ya kula, na wazee wawili. Alisema ukoo umekaa, na kwamba mjane haachwi hivi hivi kama mbuzi asiye na kamba. Atanirithi yeye. Mpunga ukishavunwa nitahamia kwake niwe bibi wa tatu.

Nilikuwa sijasema neno kiwanjani tangu kilio. Nikasema.

"Kinywa yangu ilimuua mutoto wa ndugu yako, na sasa unataka kulala pembeni yake? Hauogopi? Ao uko na migomba mingine ya kujificha?"

Alinipiga kwa mpira wa baiskeli uliokatwa. Alinipiga uani mchana kweupe, mbele ya sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, na wazee wale wakasogeza viti vyao ili wasirukiwe na mchuzi. Alipiga mgongo, alipiga titi, alipiga mdomo mpaka jino likalegea. Kila pigo alisema, "Nyamaza." Neno lile lile la Heri. Hapo ndipo kitu kilivunjika ndani yangu, siwezi kukieleza vizuri zaidi.

Aimée alikuwa mlangoni, mkono mdomoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, amegeuza mgongo. Niliutazama mgongo ule muda wote. Haukugeuka.

Tarehe 13

Naenda kuchunga ndege.

Tarehe 19

Nimeambiwa na Mama niandike. Hajui kusoma huyu mama, lakini amesema, "Andika ile kitu, isikae ndani." Basi naandika.

Asubuhi ya tarehe 13 nilipanda dungu nikapiga kelele kama kawaida. Jua lilipokuwa juu nikachoka. Sikuchoka mwili. Nilijiuliza naupigia nani kelele huu mpunga. Heri hayupo. Mama hanitaki. Baada ya mavuno kuna nyumba ya Yakubu na ule mpira wake. Nilishuka, nikafunga kikwembe cha maua mekundu vizuri, nikaingia Luama.

Sitaandika zaidi kuhusu kuingia. Nilitaka kufa, ndiyo, na nilikwenda kufa. Mtu asije akasema niliteleza.

Mama anasema hakuniona, kwa sababu ya matete. Alisikia. Alikuwa anapiga kelele zake, akanyamaza kuvuta pumzi, na upande wangu hakukuwa na sauti. Akangoja. Akaona ndege wanashuka kwenye mpunga wangu, kundi zima, wanatulia. Akasema moyoni, Rosine hawezi kuwaacha ndege hawa hata akiwa anaharisha. Aliruka kutoka juu ya dungu. Ana miaka zaidi ya hamsini na goti bovu, na aliruka.

Mimi nakumbuka maji kichwani, mchanga mdomoni, kisha maumivu ya nywele. Alikuwa amenishika misuko. Aling'oa mmoja wote na ngozi yake, akashika mwingine. Mwili wangu ulipogundua unarudishwa, ulikataa. Nilimpiga. Nilimpiga usoni kwa kiwiko, mama yangu huyu, nikampiga tumboni kwa goti, na mto ulikuwa unatuzungusha sote wawili na kutugonga kwenye mawe. Alipopitisha mkono mbele ya uso wangu niliuuma. Niliuma kwa meno yote, mpaka nikahisi mfupa. Hakuniachilia. Alinipiga kichwa kwa kichwa chake, mara nyingi, mpaka nikalegea, akanivuta kwenye matope.

Alinikalia mgongoni, maji yakatoka. Kisha akaanza kunipiga makofi huku anapiga kelele, na ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia tangu mwezi wa kumi na moja.

"Miye nimezika mmoja! Nimezika mmoja! Unataka nizike na wewe kwa mukono gani? Sema! Kwa mukono gani?"

Damu ya mkono wake ilikuwa inanirukia usoni.

Tarehe 20

Jana nilichoka. Naendelea.

Aimée alikuwa ameniona kutoka shamba la juu nikiingia majini. Hakungoja mwisho. Alikimbia kijijini akilia kwamba Rosine amejiua.

Kwetu mtu aliyejiua haliliwi. Ukoo unakata fimbo mbichi, unakwenda kumchapa maiti pale pale alipofia, kila mtu anapiga, ili kifo kile kiaibike na kisirudi kuchukua mwingine. Kisha anafukiwa hapo hapo, bila kilio. Na fimbo zikishakatwa kwa ajili ya mtu, hairuhusiwi kuzirudisha nyumbani bila kupiga. Ndiyo maana wenye akili wanakwenda kwanza kutazama, halafu ndipo wanakata. Yakubu alikata kwanza. Nadhani alikuwa na haraka.

Walitokea kwenye matete watu wengi, wanaume na wanawake, kila mmoja na fimbo yake. Nilikuwa nimelala kifudifudi, macho yamefungwa, nimevaa matope tu na shati. Mama alikuwa ameinama mtoni ananawa damu. Yakubu hakuuliza. Nilisikia upepo wa fimbo, kisha moto mgongoni, juu ya yale majeraha ya siku iliyotangulia. Nikapiga yowe.

"Anapumua!" Aimée akalia. "Baba Mudogo, anapumua!"

Watu wakarudi nyuma. Yakubu hakurudi. Alisema fimbo zimekatwa na jina langu limeshatajwa juu yake. Zikirudi kavu, kifo kitaingia nyumba nyingine, labda ya yule, labda ya huyu, na alikuwa anawaonyesha kwa kidole watu wenye watoto. Nikaona fimbo zinainuka tena. Walikuwa wanaogopa kweli. Mama mmoja aliyeninywesha supu nilipokuwa na malaria alikuwa ameinua yake, na machozi yanamtoka.

Mama alitoka majini. Panga lake alikuwa amelichomeka matopeni alipokuja mbio. Alilichukua kwa mkono mzima, akampiga Yakubu kwa ubapa wake sikioni. Yule mtu mkubwa alikaa chini. Alipojaribu kuinuka alimpiga tena, mdomoni, na safari hii ubapa ulikuwa umegeuka kidogo, damu ikashuka mpaka kwenye koti la marehemu.

"Nyamaza," akamwambia. "Wewe vilevile, nyamaza mara moja uonje."

Halafu akageukia watu. "Mulisema kinywa ya mutoto huyu ilimuua Heri. Kinywa haina risasi! Nani aliona kinywa inatoa risasi? Ile siku, nyinyi wote mulinyamaza vizuri sana ndani ya migomba. Heri amefufuka?"

Akaelekeza panga kwenye fimbo zao.

"Fimbo zimekatwa. Sawa. Zitapiga."

Kikwembe changu kilikuwa kimefunguka majini na kushikwa na matete. Alikivuta, akakilaza kwenye matope, akakinyoosha mikono na miguu kana kwamba kina mtu ndani. "Huyu ndiye aliyekufa," akasema. "Chapeni."

Walitazamana. Wa kwanza kupiga alikuwa Aimée. Alipiga taratibu, kisha kwa nguvu, kisha akawa anapiga huku analia na kumwita kaka yake. Wote wakaingia. Matope yaliruka, maua mekundu yakapasuka, na watu walitukana kile kitambaa matusi ambayo sijawahi kuyasikia, hata mimi. Nilikuwa nimekaa kando, mikono ya Mama imenizunguka, natazama ninavyouawa. Walikifukia pale pale. Hakuna aliyekililia. Fimbo wakazitupa mtoni.

Yakubu alisimama akashika mdomo wake, akasema ni mwiko kula tena mpunga wa shamba hili. Kisha akaenda.

Tarehe 25

Noeli. Kuku. Aimée amenisuka upande mmoja, upande mwingine hakuna cha kusuka. Alicheka, nikacheka, akaomba msamaha huku bado anacheka. Nimemwambia sijui bado.

Tarehe 28

Nimemwuliza Mama kwa nini siku ile aligeuza mgongo. Nilidhani ataniambia kitu cha kunituliza.

"Niliogopa," akasema. "Yakubu alinipiga miye vilevile, zamani, baba Heri alipokufa. Alitaka kunirithi, ukubali ao usikubali. Niliogopa tu."

Nilikasirika siku nzima. Jioni nikampelekea maji ya kuoga.

Mkono wake niliouuma umevimba. Anaweka chumvi na majani.

Tarehe 2, mwezi wa kwanza

Mkono unanuka. Homa. Vidole viwili vimekuwa vyeusi pale penye alama za meno yangu. Naziona zote, hata lile jino lililolegea. Naye anaongea na Heri, anamwambia afunge mbuzi.

Mama akifa, nimemuua mimi, na safari hii hakuna wa kubishana naye.

Tarehe 4

Tumefika Kasongo, hospitalini. Blaise, mwenye pikipiki, alikubali kutuchukua. Mama alikaa katikati, tumemfunga kwangu kwa kikwembe, kifua changu kwenye mgongo wake, ule ule mgongo. Njia ni mashimo na maji. Tulianguka kila mara, na kila tukianguka alipiga ukelele unaoweza kumtoa mtu utumbo.

Kwenye kilima kimoja kulikuwa na bariere. Wengine, si wale. Au wale wale, sijui, bunduki zote zina uso mmoja. Mkubwa wao alimpiga Blaise kofi na kutaka pikipiki. Nilisikia ulimi wangu unainuka, na nyuma yake nikasikia sauti ya Heri inaniambia ninyamaze. Halafu nikawaza, Heri, nakupenda, lakini Mama anaoza.

"Chukueni pikipiki," nikasema kwa sauti yangu yote. "Mutuchukue na sisi. Mutambeba nyinyi huyu mama, na mutamfungua mukono nyinyi."

Nikafungua kitambaa. Inzi waliinuka. Yule mkubwa alitapika kando ya njia na kutupungia mkono tupite. Blaise aliendesha mpaka tukavuka kilima, kisha akaanza kucheka, na kucheka kule kukageuka kilio, akasimamisha pikipiki mpaka kikaisha.

Tarehe 5

Daktari amekata vidole viwili, kidogo na cha pembeni yake. Muuguzi alimwuliza Mama nani alimuuma.

"Mutoto wangu."

"Mutoto wa miaka ngapi mwenye meno ya namna hii?"

"Bado muchanga," Mama akasema, akafunga macho.

Tarehe 6

Homa.

Tarehe 7

Homa. Nimemwambia Mungu mambo ambayo padri hangependa.

Tarehe 9

Imeshuka. Ameomba samaki, tena mwenye kichwa. Wachuuzi wameleta wa kutoka Nyangwe, nikampikia uani, mahali wanapopikia wote wenye wagonjwa. Nilikuwa nimechuchumaa napuliza makaa. Alikuwa amekaa nyuma yangu kwenye mkeka, mkono umefungwa. Akauliza, na sauti yake haikubadilika, kana kwamba anauliza chumvi iko wapi:

"Bado unataka?"

Tangu ile siku ya mtoni padri ameniombea, Aimée ameniomba msamaha, watu wamenishauri nimshukuru Mungu. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nilipuliza makaa mpaka moshi ukanipa ruhusa ya kulia.

"Siku zingine," nikasema.

"Leo?"

"Leo hapana."

"Nilijua siku zingine iko. Miye vilevile, Heri alipokufa. Sikiliza. Ile siku ikija, uniambie. Usijali niko nafanya nini. Niko nakula, uniambie. Niko nazika mutu, uniambie."

"Na nikikuambia, utafanya nini?"

Alifikiri. "Sijui. Lakini utaniambia."

Samaki akaungua upande mmoja.

Tarehe 21

Tumerudi. Aimée alichunga ndege peke yake mashamba yote mawili, sauti imemkauka hata salamu hawezi. Nimemsamehe, lakini sijamwambia, aendelee kunichotea maji kwanza.

Yakubu ana midomo miwili ya juu sasa. Nyumba yake imekuwa mbali na yetu ghafla. Habari ya kurithi hakuna anayeitaja.

Tarehe 26

Mavuno. Mama hawezi kushika kisu kwa mkono ule, anakata kwa wa kushoto, shuke moja moja, na kutukana. Matusi yote amejifunza kwangu. Mpunga ni mwingi. Tuna huo tu, mbuzi waliondoka na wale watu na mihogo imebaki kidogo. Yakubu aliyesema hauliwi amemtuma mtoto kuuliza sehemu yake.

Tarehe 30

Leo.

Tulikuwa tumemaliza kukata. Mpunga wote ulikuwa umeanikwa kwenye mikeka na juu ya mabua, kazi ya msimu mzima, chakula mpaka mavuno mengine. Mchana wingu jeusi likatokea ng'ambo ya Luama. Kila shamba watu wakaanza kukimbia kukusanya. Aimée alikuwa anakunja mikeka, Mama anabeba kikapo kichwani, mimi nafagia mashuke kwa mikono.

Hapo ikanijia. Sina sababu. Heri hakuwa amekufa zaidi leo kuliko jana. Nilisikia tu mto, nikauona wazi, na miguu yangu ikawa inajua njia. Nilitazama wingu, nikatazama mpunga. Nikasema moyoni, si sasa, Rosine, usimsumbue mtu sasa, watu wana kazi. Nilifunga kinywa. Kinafungika vizuri siku hizi.

Nikapiga hatua. Kisha nikaita.

"Mama!"

"Nini? Kimbia, mvua!"

"Mama, leo."

Alisimama. Upepo ulikuwa umeshaanza kutawanya makapi.

"Leo?"

"Leo. Sasa hivi."

Aliachilia kikapo. Kilianguka na kumwagika chote, hakukitazama. Alikuja kwa lile goti bovu, akanishika kifundo cha mkono kwa mkono wake wenye vidole vitatu, akakaa chini kwenye mabua na kunivuta nikae.

"Mama, mupunga!" Aimée akapiga kelele kwa ile sauti iliyokauka. "Mama! Inakuja!"

"Kusanya yenye unaweza. Miye niko na kazi."

Matone ya kwanza yalikuwa makubwa. Yakubu alisimama kwenye mpaka wa shamba lake, mikono kichwani. "Mama Heri, iko chakula ya mwaka muzima! Una wazimu?"

Hakugeuza kichwa. Alikuwa ananitazama mimi.

"Sema," akaniambia. "Sema yote. Piga kelele ukitaka."

Nikasema. Mvua ilinyesha juu ya mpunga wetu wote, maji yakaubeba chini ya mikeka kuelekea mtoni, Aimée akakimbia mpaka akaanguka, na Mama hakuinuka.

Tarehe 2, mwezi wa pili

Tuliokoa vikapo vichache. Uliobaki umeoza. Tumekula mihogo. Niko.